Shairi la Mwisho Lililobaki

Simu ya hospitali iliingia Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa moja asubuhi, binti aliyelelewa na marehemu shangazi yake akimtilia chai kwenye chupa. Muuguzi alisema, "Dada, njoo. Lakini usikimbie." Akaelewa. Aliiacha chupa, akachukua kitabu alichokuwa akimsomea, maana walikuwa wamebakiza ukurasa mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Juni 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma hadi kidato cha nne, kisha akasomea ukutubi. Tangu mwaka 1980 hadi alipostaafu 2018 alitunza maktaba ya shule ya sekondari. Wanafunzi walimwita Bi Kimya, ingawa mle ndani hakuna aliyeongea kumshinda.

Aliolewa mwaka 1984 na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2016. Mungu hakuwajalia mtoto wa kumzaa. Aliwajalia wa kumlea.

Kosa lake kazini alilisimulia mwenyewe akicheka. Kililetwa kitabu cha vijana, hadithi ya msichana aliyefiwa na baba, yote kwa mashairi mafupi. Akakipanga kwenye rafu ya ushairi. Miaka miwili hakikuazimwa, kwani wanafunzi waliiogopa rafu ile kama mtihani.

Mwaka 2001 kaka yake alifariki, naye akamchukua bintiye wa miaka kumi na minne. Mtoto hakulia msibani, wala miezi iliyofuata. Ndugu walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Shangazi yake hakumhubiria. Alikipangusa kitabu kile vumbi, akamwekea mezani pale maktabani.

"Maneno ni machache," alimwambia. "Ukichoka, pumzikia pale palipo peupe kwenye ukurasa."

Binti alisoma amesimama. Alipofika kwenye mistari minne ambapo msichana anakunja shati la baba lisilo na wa kulivaa, aliketi sakafuni, akalia hadi kengele ya kufunga. Shangazi akaketi naye, na magoti yake yale mabovu. Kesho yake kitabu kilihamia rafu ya hadithi. Kiliazimwa hadi kikajalidiwa upya mara tatu.

Novemba iliyopita marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Macho yalipochoka, aliomba asomewe kitabu hicho, shairi moja kwa siku.

"Usinikimbize, mwanangu," alisema. "Kikiisha, nitangojea nini?"

Ameacha binti huyo, mdogo wake mmoja wa kike na wajukuu wawili.

Jana, kabla jeneza halijafungwa, binti yake alimsomea ukurasa uliobaki. Kwenye mstari wa tatu sauti ilimkatika. Akapumzikia palipo peupe, kisha akamaliza. Jeneza likafungwa.

Mungu ampokee, apumzike.