Majivu Anaacha Nafasi

Pale Karatu, kwenye kona ya barabara inayopanda kuelekea geti la Ngorongoro, kuna benchi mbele ya gereji ya Lazaro. Asubuhi za ukungu hujaa mapema, kwa kuwa Ngoyai anauza kahawa hapo hapo. Lazaro wanamwita Spea. Kwake yeye kila kitu kina spea, hata moyo. Patrisi, aliyewahi kuuza dawa za mifugo, ndiye Daktari. Siku hiyo Kimaren alifika na matope hadi magotini, akapokea kikombe, akakaa nacho bila kunywa.

Kimaren ni mtoto wa wafugaji wa Arash. Ng'ombe alizaliwa nao, lakini farasi alikutana nao ukubwani, akifagia banda la tajiri mmoja anayewatembeza watalii kando ya msitu. Mtunza farasi alikuwa Yohani. Nyati alimuua ukingoni mwa msitu, ndani ya ukungu, na farasi wake Majivu akarudi peke yake, tandiko limepinduka ubavuni. Tangu hapo jike lile halikukubali mkono wa mtu. Tajiri akasema lisipotulia litapigwa risasi, akamkabidhi Kimaren.

Mwanzoni Kimaren aliingia na kamba na fimbo, akaambulia teke la bega. Ndipo akakumbuka Yohani alivyokuwa akifanya. Akawa anaingia mikono mitupu, anampa Majivu mgongo, anasubiri. Farasi akisogea, hamgusi. Akishtuka, Kimaren anarudi nyuma kidogo, anamwacha apumue. Majuma yalikatika hivyo, hadi Majivu akaanza kumfuata bila kuvutwa, mpaka ukingo wa msitu na kurudi. Tajiri akaacha kuitaja bunduki.

— Sasa mbona uso umekushuka? Spea aliuliza.

— Tukienda, anaacha nafasi kati yetu, Kimaren alisema. Ya kutosha mtu mmoja. Njia ikibana, ananisukumia mimi majanini. Ile nafasi haigusi.

Daktari akasema ni jicho tu. Siku ile ya nyati na Yohani lilichomwa na tawi, sasa farasi anakosea vipimo. Spea akakataa. Farasi husikia moyo wa mtu kupitia kwato, na wa Kimaren bado unamwogopa. Daktari hakukubali kupitwa, akaeleza kwamba ukungu hushika harufu kama blanketi, kwa hiyo Majivu anatembea na harufu ya marehemu. Spea akashusha sauti.

— Harufu haihitaji nafasi, Daktari. Wewe Kimaren unadhani unamfundisha farasi. Yohani anakufundisha wewe.

Ngoyai akamwomba asiongee hivyo mbele ya vikombe vya watu. Hakuna aliyecheka. Kimaren akasema lile alilokuwa hajamwambia mtu.

— Jana alisimama ghafla, akainamisha kichwa kwenye ile nafasi. Anavyoinama akivalishwa kamba. Na kamba nilikuwa nayo mimi, begani. Zamani ningemchapa aende. Nikatulia. Ndipo nyati akakatiza mbele yetu, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake.

Mlangoni mwa gereji alikuwa amesimama mama mmoja mwenye begi la safari, kikombe mkononi. Walidhani anasubiri gari. Alisogea karibu na benchi.

— Na mkirudi, mwanangu? Hiyo nafasi inakuwepo?

Kimaren alifikiri. Wakirudi Majivu humsogelea, bega kwa bega, pumzi yake ya moto shingoni. Siku zote alilihesabu hilo kuwa ni ushindi wake, kwamba farasi amemkubali.

— Hapana, mama. Tukirudi haipo.

Akajisikia baridi aliposema hivyo.

Mama akakiweka kikombe kwenye benchi polepole.

— Mimi naitwa Leonida. Nimetoka Mbulu, nimekuja kuona alipoangukia mdogo wangu Yohani. Sasa kila mkifika pale mkageuka, mkamwacha, huwa mnamuaga?

Spea aliangalia mikono yake yenye oili. Ngoyai akainamisha birika, likatoa mashapo matupu, na hakuna aliyenyoosha kikombe.