Vikombe Viwili kwa Siku

Kwenye trela la trekta la kijiji, Saleha alijitia kutazama minazi, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa Bi Mwatima, aliyekuwa akirudi kutoka hospitali.

"Moyo ulichoka, maji yakajaa miguuni," Bi Mwatima alimwambia mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeketi mbele yake. "Daktari akanitia vimrija, chupa chini ya kitanda. Mimi nimelala, maji yanachuruzika yenyewe. Mungu amjalie!"

"Na kombe ulikunywa?"

"Mwezi mzima, kabla ya kupelekwa."

"Basi ndilo lililokuponya."

Saleha aliuma ulimi. Kombe ni aya zilizoandikwa sahanini, zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Mtu kajaa maji, bado anaongezwa!

"Sasa daktari kanipimia vikombe viwili tu vya maji kwa siku."

"Anakupimia hata maneno ya Mungu?"

Trekta likasimama. Bi Mwatima, aliyeondoka kijijini kwa machela, akavaa makubadhi yake, akashuka kwa miguu yake mwenyewe.

"Kimoja nitamezea vidonge vya daktari," akasema. "Cha pili niandikie wewe, mwalimu. Nyote mmenihangaikia."

"Utaanza na kipi?" mwalimu akapaza sauti kutoka kwenye trela, lakini trekta lilikwisha ondoka.