Mstari wa Kwanza wa Daftari la Mwalimu Domitila

Tarehe 30 Septemba 2025, Mwalimu Domitila Kasmiri anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Lipangalala kwa miaka thelathini na miwili na miezi saba. Aliripoti tarehe 1 Machi 1993 akiwa na sanduku la bati, baiskeli ya kuazima na, kwa maneno yake mwenyewe, kiburi cha kuwatosha walimu wawili. Sanduku bado analo. Baiskeli aliirudisha. Habari ya kiburi tutaifikia.

Alizaliwa Kisawasawa mwaka 1965, chini ya milima ya Udzungwa, kwa wazazi waliolima mpunga na migomba. Alipofaulu kwenda sekondari alikuta masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye aliijua kwa salamu tu. Anasema alikaa kimya darasani miaka miwili mizima. Mwandishi wa wasifu huu anafundisha hisabati na amekaa naye meza moja ofisini tangu 1998. Hajawahi kumwona akinyamaza dakika mbili, kwa hiyo habari hiyo anaipokea kwa imani.

Wote waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa daftari. Ni kauntabuku nene lenye jalada jeusi, lililoshonwa upya mara tatu kwa uzi wa gunia, na juu yake limeandikwa neno moja la Kiingereza: RUN. Kila mtoto anayeingia kidato cha kwanza hudhani analijua. Kukimbia, basi, yamekwisha. Hapo ndipo Mwalimu Domitila alipokuwa akianzia. Kila mwanafunzi mpya alitakiwa kuleta matumizi mengine ya neno hilo, aseme amekutana nayo wapi katika bonde hili, kisha aandike sentensi yake, jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Matumizi mapya yalipewa mstari wake. Yaliyokwisha kuletwa, jina liliongezwa pembeni. Kunakili kwenye kamusi hakukuruhusiwa. Ukileta kitu, uwe tayari kukionyesha.

Abdulkarim, ambaye baba yake ana duka pale sokoni, aligundua kwamba kwa Waingereza kuendesha duka nako ni neno hilohilo. Wenzake wakaleta mashine ya kukoboa mpunga inapounguruma, pua yenye mafua, treni inayopita siku zake, uzio unaozunguka shamba, na mwaka wa uchaguzi wakaleta wagombea udiwani hadi Mwalimu akaomba wapumzike. Mtoto mmoja alileta kitenge kinachochuja rangi. Kwa kuwa utaratibu ni kuonyesha, alikileta kikiwa kimelowa, ndani ya beseni, akakikamulia mbele ya darasa. Doa la bluu liko kwenye mstari wa 41 hadi leo.

Hatutaficha kwamba walikuwapo waliomlalamikia. Mwandishi huyu alisimama kwenye kikao cha walimu mwaka 1999 akasema kwamba yeye amemaliza milinganyo yote, na mwenzake wiki ya sita bado yuko kwenye neno la herufi tatu. Mwalimu Domitila alijibu kwamba mtoto aliyelishika neno moja sawasawa haogopi tena kufungua mdomo. Mwezi mmoja baadaye wanafunzi wa Domitila walianza kuuliza maswali kwenye hisabati, kwa Kiingereza kibovu na sauti kubwa, na baadhi ya maswali yalikuwa magumu kwa mwalimu. Kikao kilichofuata mlalamikaji alinunua chai ya ofisi nzima.

Mkaguzi mmoja naye alikuja akataka kujua ni mtaala upi unaoruhusu jambo hilo. Alikuwa amefika saa moja baada ya muda aliopanga. Mwalimu alimkaribisha akae, wanafunzi wakasimama mmojammoja kusema mistari yao. Mwishoni msichana mmoja alimwomba mkaguzi naye atoe wa kwake. Alifikiri kidogo, akatazama saa yake, akasema kwa Kiingereza kwamba leo yeye ame-run late. Alipewa mstari wa 96, na hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kuandika jina la baba yake na kijiji.

Siwema, aliyeingia mwaka 2006, hakusema neno darasani mpaka mwezi wa tano. Siku alipolisema, lilihusu chumvi iliyomwishia mama yake jikoni, na aliandikiwa mstari wa 112 huku darasa zima likipiga makofi. Leo Mwalimu Siwema anafundisha Kiingereza hapahapa.

Lakini mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Ulikuwa na jina tu: Dionisi Fransisko, Mbingu. Wanafunzi walipouliza, Mwalimu alijibu kwamba mwenyewe bado hajafika. Ilichukua miaka kumi na moja, na usiku mrefu wa kusahihisha mitihani, mpaka alipomweleza mwandishi huyu kisa chenyewe.

Katika mwezi wake wa kwanza kazini aliwataka wanafunzi watunge sentensi kwa neno hilo. Dionisi, kijana wa wavuvi kutoka Mbingu, alisimama akasema, "The river is running." Kwao ndivyo walivyosema masika ilipofika: mto unakimbia, tusivuke. Darasa lilicheka. Mwalimu mgeni, mwenye kile kiburi tulichokitaja, alicheka pamoja nao, akamwambia mto hauna miguu, akampa sifuri. Wiki mbili baadaye Dionisi aliacha shule.

Miezi mitatu ilipita ndipo Mwalimu Domitila alipopata kamusi kubwa. Alifungua neno lake, akakuta kurasa kadhaa, na ndani yake mito inakimbia bila taabu yoyote. Alimwendea sista mmoja mzee wa Uswisi aliyekuwa akiishi hapa mjini, aulize vizuri. Sista alimweleza kwamba neno hilo lina ndugu yake katika Kijerumani cha kwao, na huyo ndugu hutumika kwa maji yanayotiririka, wala si kwa miguu. Alisema pia kwamba wataalamu wanaochimba asili za maneno hulifuata hadi kwenye mzizi wa zamani sana ambao nao ulikuwa wa maji. Kijana wa Mbingu alikuwa amelishika neno kwenye shina lake, na mwalimu wake amemcheka.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo alipanda treni kwenda Mbingu. Familia ilikuwa imehamia kambi za wavuvi, na hakuna aliyejua ipi. Alirudi, akanunua kauntabuku, akaandika jina la Dionisi kwenye mstari wa kwanza. Daftari lote mlilolisoma, mkalicheka na kulipenda, lilianza kama deni kwa mtoto mmoja. Alikuwa akiogopa, na alilisema wazi, kustaafu kabla ya kulilipa.

Januari mwaka huu aliingia kidato cha kwanza msichana mpole aitwaye Noela. Zamu yake ya kuandika ilipofika, alifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akasimama hapo muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwalimu," alisema, "huyu ni baba."

Kuanzia hapo hadi safari yenyewe ilipita miezi saba, maana Mwalimu Domitila aliyewakabili wakaguzi bila kupepesa macho alikuwa na visingizio vya kila namna. Mara mvua, mara mitihani, mara goti. Mwezi wa nane mwandishi huyu alimkatia tiketi ya basi la Mlimba, linalopita Mbingu ambako Dionisi alikuwa amerudi, bila kumuuliza, wakaenda wote. Walimkuta Dionisi akifyatua matofali nyuma ya nyumba yake. Aliosha mikono, akawaamkia shikamoo, akataka kuleta viti. Mwalimu hakusubiri kiti.

"Dionisi, lile jibu lako lilikuwa sahihi. Niliyekosea ni mimi, na nikakucheka."

Dionisi alitazama mikono yake kidogo. "Kwamba ni sahihi nilikuwa najua, Mwalimu," alisema. "Nilichoondokea ni kile kicheko."

Mwalimu alitoa daftari na kalamu. Dionisi alisoma jina lake, akapitisha kidole kwenye ile nafasi tupu, kisha akalifunga na kulirudisha. Tulidhani imekwisha. Uso wa Mwalimu Domitila siku ile mwandishi hatausahau. Ndipo Dionisi akaeleza kwamba alichekwa mbele ya darasa, kwa hiyo ataandika mbele ya darasa.

Alikuja Ijumaa, tarehe 19 Septemba, kipindi cha tatu, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kanisani. Kidato cha Kwanza A wana wanafunzi hamsini na wawili, na Noela anakaa dawati la tatu karibu na dirisha. Mwalimu Domitila alikwenda kukaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwanafunzi. Dionisi aliandika ubaoni kwanza, polepole, kisha akaandika kwenye daftari, kisha akageuka akaisoma sentensi yake. Hakuna aliyecheka.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Utaratibu ni utaratibu, akataka kujua mzee amekutana na hilo wapi.

"Kwetu, nyuma ya nyumba," Dionisi alijibu. "Ila msije sasa hivi, mwezi huu mto unatembea tu. Njooni Aprili."

Darasa lilicheka kwa nguvu, Dionisi akacheka nao, na safari hii alikuwa amewachekesha mwenyewe. Kule nyuma Mwalimu Domitila alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Mwalimu Domitila, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, asante kwa kutufundisha Kiingereza, na asante zaidi kwa kutuonyesha namna mwalimu anavyorudi kusema nilikosea. Daftari amelipokea Siwema, lina mistari mia moja themanini na saba, na ameahidi kulishona uzi ukikatika. Ukifika Kisawasawa, lima bustani yako, lala mchana, usisahihishe karatasi ya mtu yeyote. Afya iwe nawe na siku zako ziwe nyingi. Mstari wa kwanza umejaa. Nenda kapumzike, Mwalimu wetu.

Mwalimu Obadia Elineema
Idara ya Hisabati