Soli Aligongwa na Gari Gani?

— Laki moja nyingine haitoki, alisema Abdulsamad. Ilishatoka moja msibani, na aliyekufa ni mmoja.

Aliyekufa ni Revelian, fundi viatu, sie tulikuwa tunamwita Soli. Kijiwe chetu kiko Tegeta, ukingoni mwa barabara ya Bagamoyo, pale foleni inapoanzia. Soli alikaa hapo miaka kumi na miwili, kiti chake kikitazamana na mabomba ya moshi, jioni akikung'uta kofia utadhani katoka mashine ya kusaga. Mwezi uliopita moyo ukasimama. Mfuko wetu wa kufa na kuzikana naushika mie, ndiyo maana wananiita Risiti, na kanuni yake haina kona: ugonjwa, laki moja, ajali ya barabarani, laki mbili, maana ajali haipigi hodi. Tukatoa moja. Yangeishia hapo, lakini leo alikuja Nawal, binti wa chuo, kuchukua kiboksi cha kupimia vumbi alichokuwa amekifunga kwenye nguzo nyuma ya kiti cha Soli. Tukampa kahawa, tukamuuliza kiboksi kimesema nini. Akasema hewa ya hapa ni mbaya, na mtu akiivuta miaka mingi inamla moyo na mapafu.

Anselmo, tunayemwita Bima kwa kuwa aliwahi kuuza bima za magari, akaweka kikombe chini.

— Basi Soli aligongwa.

— Na gari gani? nikamuuliza.

— Yote. Kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Abdulsamad akamtaka binti aseme moja kwa moja, Soli yumo kati ya walioliwa na hewa au hayumo. Binti akasema hawezi kumnyooshea kidole mtu mmoja. Wao wanalinganisha wengi na wengi. Mfano tu, akasema, chukua mitaa miwili, watu idadi moja, umri mmoja, sigara sawa, kila kitu sawa isipokuwa hewa. Huku wamekufa mia, kule themanini na tano. Wale kumi na tano wa ziada ndio makadirio, ila majina yao hakuna anayeyajua. Akashukuru kwa kahawa, akaondoka na kiboksi chake, ugomvi akatuachia sie.

Abdulsamad ana duka la vifaa vya ujenzi, na methali hazimwishii.

— Si mmesikia? Wengi na wengi. Kifo cha wengi harusi, na mfuko huu hauchangii harusi.

Bima akataka kila gari linalopita lisimamishwe lichange. Abdulsamad akadai namba za magari yaliyohusika. Bima akasema namba zipo, masizi ya lori na ya daladala hayafanani, mtaalamu akiyaona mapafu ya marehemu atasoma mpaka herufi za mwisho. Hapo Khalfani, muuza kahawa, akanyanyua jiko lake la mkaa, akalisogeza nyuma ya bajaji.

— Mie nimeanza hapa mwaka juzi tu, akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Jamani, tusigombane, alisema Bima. Kumi na tano kwenye mia. Tumpe mjane elfu kumi na tano, yaishe.

Nikawaka. Mie shule niliishia la saba, hesabu nimejifundisha mwenyewe, lakini ujinga naujua ukipita.

— Mtu hafi asilimia kumi na tano. Tulimzika mzima, na jeneza nilibeba mie upande wa mbele. Kama ni ajali, laki ya pili. Kama siyo, sifuri.

— Basi sema ni ipi, Risiti, akasema Bima.

Nikanywa kahawa. Ilikuwa imeshapoa.

Ndipo akatokea Jovina, Mama Hope, mjane mwenyewe. Binti alikuwa amepitia kwake kumpa pole, akamweleza yale yale. Mama Hope akamwamkia Abdulsamad, sie wengine akatuita mashemeji, kisha akakaa kwenye kiti cha Soli. Ndicho kilichokuwa wazi. Tangu binti aseme, hakuna aliyekigusa. Akaeleza kwamba chumba chao kinatazama barabara hii hii, na Hope naye ameanza kukohoa. Amepata chumba huko ndani, mbali na lami. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, naye kapungukiwa laki moja.

— Shemeji Risiti, gari moja lingemgonga siku moja, mngetoa ngapi?

— Laki mbili.

— Na magari yote, kwa miaka kumi na miwili?

Nikamtazama Bima. Bima akamtazama Abdulsamad. Abdulsamad akatazama lori la mchanga lililokuwa limesimama kwenye foleni mbele yetu, likitumwagia moshi. Lilikuwa la kwake.

Khalfani akasema kahawa imekwisha. Mama Hope hakuinuka.

— Basi naomba laki yangu.