Kome wa Kituo Namba Nne

Mheshimiwa Meya Vigdis Tveitane, Bwana Sverre Lundekvam, mkurugenzi wa kiwanda chetu cha zinki, waheshimiwa madiwani, wenzangu wa ofisi ya mazingira, nanyi majirani mliokuja kwa ajili ya keki: hamjambo nyote?

Nimeambiwa nina dakika kumi za kuwaaga. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nikipewa barazani dakika tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kunikumbusha kwamba muda umekwisha. Kumbe kustaafu kuna heshima yake!

Kazi yangu mnaijua. Kila masika nilining'iniza vikapu vya kome, hao wanyama wa gamba wanaochuja maji, kwenye vituo vyetu ndani ya ghuba, na kila vuli niliviopoa nikawapeleka kome maabara, ili tujue maji yamewalisha nini. Kome hasemi uongo. Hakupata elimu hiyo.

Sasa, niwashukuru wakubwa. Miaka sita iliyopita Bwana Lundekvam aligundua kwamba kituo namba nne, kilichokuwa hatua chache tu kutoka bomba la majitaka la kiwanda, kinatoa majibu mabaya mwaka hadi mwaka. Mtu wa kawaida angekwenda kulitazama bomba. Yeye, kwa upeo wake, alikihamisha kituo.

"Dada Gudny," aliniambia akinishika bega, "pale mashua zinakusumbua bure. Tukisogea mita mia tisa tu, utafanya kazi kwa raha zako."

Nami nikakubali. Nasema mbele yenu bila kuzungusha maneno: nilikubali. Mkuu wangu alikwisha kuidhinisha, na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa mkorofi.

Mwaka uliofuata, ajabu iliyoje! Madini ya risasi na zebaki ndani ya kome yakashuka hadi nusu. Gazeti likaandika kwamba ghuba imepona. Mheshimiwa Meya akaja na koleo, akaking'oa kwa mikono yake kibao cha "Usile kome", na picha ikatoka vizuri sana. Nani angekataa kupona kwa namna hiyo, bila dawa wala mganga?

Baada ya miezi michache nikakutana dukani na mzee Torleif Nesvåg, huyu hapa mstari wa tatu. Alinikumbatia.

"Mwanangu, ubarikiwe! Tangu nisome ripoti yako, nala kome karibu kila siku. Kwa siagi na vitunguu, we acha tu!"

"Unawachuma wapi, mzee?"

"Wapi tena? Gatini, kando ya bomba. Si umesema wako salama?"

"Pale hatukupima, mzee wangu."

"Ala! Sasa mlipima wapi?"

Ndugu zangu, niliuacha mkate wangu kaunta, nikamwambia twende akapimwe damu. Ripoti ile haikuwa na sahihi ya mkurugenzi wala ya Meya. Ilikuwa na sahihi yangu. Damu ya mzee ilipopimwa, risasi ilikuwa juu kiasi kwamba daktari alirudia kipimo, akidhani mashine imekosea.

Ndipo nikachukua mashua yangu mwenyewe, nikatundika kikapu mahali pa zamani, bila kibali cha mtu. Vuli nikayapeleka majibu kwenye baraza la mji. Mwanasheria wa kiwanda akasimama, akanyoosha tai yake, akasema: "Majibu haya hayana uzito, kwa kuwa kituo hicho hakipo."

Hoja nzito! Kasoro ni moja tu, kwamba kome wenyewe hawakuwa wamearifiwa.

Nikafungua mfuko, nikaweka mezani sufuria ya kome wa pale pale, wanatoa mvuke. Nikasema, "Karibuni, waheshimiwa. Kituo hakipo, basi na sumu haipo." Bwana Lundekvam akasema ameshiba. Mheshimiwa Meya akakumbuka kwamba kome humwasha ngozi. Mzee Torleif peke yake ndiye aliyeinuka: "Leteni huku, mimi nimeshazoea!" Watu wakacheka. Kisha wakaiona mikono yake inavyotetemeka, na kicheko kikakatika.

Siku ile kibao kilirudishwa, na kituo kikarudishwa. Masika, wapiga mbizi walikuta bomba limepasuka mahali patatu. Likazibwa, na Bwana Lundekvam akapewa tuzo ya mazingira. Hongera sana. Si kila mtu anayetuzwa kwa kufunga mlango aliouacha wazi mwenyewe.

Majibu ya vuli hii yamefika juzi. Safari hii yameshuka kweli, kwa theluthi moja, na majani ya bahari yameanza kuota tena karibu na gati. Lakini kome bado hawaliki. Damu ya mzee Torleif imepata nafuu. Mikono yake haijapata, na hakuna safu ya jambo hilo katika ripoti zetu.

Mheshimiwa Meya, umenitakia mapumziko mema. Nakushukuru. Ila tuelewane: kuanzia Jumatatu sina mkuu wa kuniambia nisogee, sina barua ya kibali ya kusubiri, na vikao vya baraza viko wazi kwa kila mwananchi. Mashua ninayo. Muda ninao tele. Niwekeeni kiti cha mbele.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho; najua baadhi yenu mmefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja.