Swichi ya Grenda ya Deo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Msiitikie kama watu walioshiba ugali wa ulezi sasa hivi. Itikieni kama watu walio hai, maana habari niliyonayo leo ni ya uhai.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Anitha, fundi wa mashine za mkono hapa Sumbawanga. Grenda za kukatia chuma, drili, randa za umeme, zote zinapita mezani kwangu. Kazi hii alinifundisha marehemu mume wangu, na nilipobaki peke yangu niliishika kwa ukali ili mtu asije akasema mwanamke hawezi. Ukali huo ndio ulionipoteza.

Ndugu zangu, katika mashine hizi kinachokufa mapema ni swichi. Vumbi la chuma linaingia, vile vipande vya shaba vya ndani vinaungua, basi. Na swichi haiwekwi yoyote tu. Lazima iingie kwenye mpini wake, ihimili umeme wa mashine ile, na kitufe kikae pale kidole kinapofika. Mara nyingi inaagizwa Mbeya au Dar, inakuja na basi, na mteja hataki kungoja. Kwa hiyo nikawa naunga dairekti. Nang'oa swichi mbovu, nakutanisha nyaya, nafunga kwa utepe, namwambia mteja kwamba swichi yake sasa ni plagi: akichomeka inazunguka, akichomoa inasimama. Watu walinisifu! Nikajiona bingwa.

Kuna mzee mmoja mfugaji alinirudishia drili yake akasema ina mapepo. Umeme ukikatika ukarudi, inaanza yenyewe juu ya meza. Alikuwa amebakiza kidogo aipeleke kwa mganga. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia awe anaichomoa. Sikujiuliza kitu. Ndugu zangu, pepo lilikuwa mimi na bisibisi yangu.

Nina mdogo wangu, Deo, anachomelea milango na madirisha kule Mwazye. Grenda yake niliiunga dairekti kabla ya masika, nikamwahidi kwamba swichi yake ikija nitamwekea. Swichi ikaja. Nikaitia kwenye kopo pale dirishani, na kila wiki nikasema wiki ijayo. Ndugu yako wa damu ndiye unayemweka mwisho, kwa sababu hakugombezi.

Sasa, siku hiyo ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule wa kwetu Ufipa unaofuta hata nyumba ya jirani. Umeme haukuwepo. Nimekaa kitini, kikombe cha chai mkononi, ukungu unaingia mlangoni taratibu kama mgeni mwenye aibu. Sikuwa nimelala, wala sikuwa macho. Nikaona shamba la ulezi ulioiva, linayumba bila upepo, na Deo anatembea katikati yake amenipa mgongo. Nikamwita, hakugeuka. Alikuwa amevaa glavu zake za kazi, na ndani ya glavu hamkuwa na kitu. Zilikuwa zinaning'inia tu. Hapakuwa na damu wala kelele. Palikuwa pazuri, jamani, pazuri mno, na mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka.

Nikashtuka, chai imepoa. Nikampigia Deo, hapatikani. Nikatazama lile kopo, na moyo ukaniambia jambo nililolijua muda wote: umeme utarudi, na grenda ile haina cha kuizuia. Nilitubu palepale. Hata maneno ya sala ya kutubu yalinipotea. Nikasema tu, Bwana, mshikie mikono mpaka nifike.

Nikachukua swichi na bisibisi, nikapanda bodaboda. Safari ile mpaka leo sina hakika kama niliisafiri au niliiota. Barabara ilikuwa inatoka kwenye ukungu kipande kwa kipande. Ng'ombe wanatokea, wanapotea, kengele zao zinabaki. Sikuhisi baridi wala mashimo. Nilikuwa nasali rozari huku kidole kikipapasa ile swichi mfukoni.

Nikafika. Deo amechuchumaa mlangoni mwa karakana yake, grenda mapajani, anafungua nati abadilishe jiwe la kukatia. Mkono mmoja umeshika jiwe, mwingine spana. Nikafuata waya kwa macho. Plagi ilikuwa kwenye soketi. Umeme ulipokatika alikuwa kazini, mashine ikanyamaza, naye akasahau kuichomoa.

Nikampita, nikainama, nikachomoa.

"Shikamoo, dada," akasema, anacheka. "Mbona unanichomolea na umeme wenyewe haupo?"

Kabla sijamjibu, redio ya duka la jirani ikaanza kuimba.

Deo aliitazama grenda, akaitazama plagi mkononi mwangu, akakaa chini kwenye vumbi. Nami nikapiga magoti mbele yake, plagi bado mkononi. Ukungu ukawa unapanda, jua linatoka.

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia haina shida," akasema.

"Ndiyo, Deo. Mimi ndiye."

Ndugu zangu, maneno hayo mafupi ndiyo yaliyonifungua. Nikamfungia swichi yake palepale, nalia huku nakaza skrubu.

Tangu siku ile siungi dairekti. Nimezunguka kwa wateja wangu mpaka Mwimbi, nafungua mashine nilizoziharibu kwa ujuzi wangu. Yule mzee wa drili nimemwomba radhi. Amesema bado anaamini yalikuwa mapepo, ila sasa anajua yalikuwa yanakaa kwa nani.

Wewe uliye na jambo bovu ulilolifunga kwa utepe ili siku ziende, usingoje kuoteshwa. Mwamini Mungu leo, na yule uliyemkosea umwendee leo. Mungu alinisubiri mimi mwenye kiburi, atakusubiri na wewe. Na kama mashine yako niliiunga mimi, ilete. Swichi ikichelewa, tutaingoja wote.

Ahsante Yesu! Sina sadaka inayotosha. Deo yuko pale benchi la nyuma, anaona haya. Simama, mdogo wangu. Inua mikono yote miwili. Ndugu zangu, hesabuni vidole.