Mwaga Kikapu: Kepher Oyugi Anaacha Dirisha la Dawa

Na Kogo Chepkurui, wa jikoni, Zahanati ya Chepsirei

Kamati ya sherehe, nyinyi hamna haya. Ile katoni mmeificha nyuma ya magunia ya sukari nimeiona. Mlifikiri mtu wa jikoni haingii stoo? Nimeifungua, nimetoa chupa moja moja nikazipanga kwa meza, halafu nikazirudisha vile zilikuwa. Vitamini za neva. Kopo la unga wa magnesiamu. Majani ya chai ya mizizi ya kuleta usingizi. Na juu yake utepe mwekundu na kadi inasema, "Kwa afya yako, Daktari." Kati ya watu wote wa dunia hii, mkaona Kepher Oyugi ndiye wa kupewa hizo?

Nitarudi kwenu. Wacha kwanza nifanye kazi mliyonipa. Mlisema niandike wasifu, na mimi nikikubali kazi naimaliza.

Kepher Oyugi anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na tisa nyuma ya dirisha la dawa la zahanati yetu hapa shamba la chai. Katika hiyo miaka mameneja wamekuja na kwenda. Paa limebadilishwa. Mashine za kuchuna majani zimeingia zikafukuza mikono ya watu wengi. Lakini ukiinama kwa lile dirisha ulikuwa unampata yeye yule, mtu wa dawa ambaye sote tunamwita Daktari, tai nyekundu shingoni, miwani imepanda kwenye paji la uso, na yeye anaitafuta kwa mifuko.

Alikuja akitoka upande wa ziwa, kijana mwembamba, cheti cha famasia kwenye bahasha ya kaki na viatu ambavyo havikujua matope ya Kericho. Asubuhi ya kwanza aliteleza kwenye ngazi zetu mbele ya foleni nzima. Foleni ilicheka. Yeye akacheka kuwashinda, akapanguza suruali, akauliza nani wa kwanza. Nikasema moyoni, huyu atakaa.

Msifikiri alianza vizuri. Mzee Kipsang, ambaye wengi mnamkumbuka kwa ile kofia yake ya manyoya, alikuja kuchukua dawa. Kepher akamuuliza atameza na nini. Mzee akasema na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kama mtu yeyote mwenye akili. Kepher alikuwa ameona mursik iko na masizi ya mti ndani, akamwambia aiache kabisa. Mzee Kipsang alisukuma dawa ikarudi dirishani, akavaa kofia yake akaenda. Basi wazee wetu wote wakagoma. Hakuna aliyekanyaga hapa mpaka mimi nikamwambia Kepher kwamba kwetu mtu hakatazi kitu ambacho hajaonja.

Akaenda kwa Mzee Jumapili baada ya kanisa. Jumatatu alikuja kazini anatembea polepole kama ng'ombe ametoka kulamba chumvi, maana alimalizishwa kibuyu kizima, na kukataa hakuweza. Kutoka siku hiyo hakukataza mtu kitu kabla ya kuuliza ni nini, ni kiasi gani, na kinachanganywa na nini. Kuhusu mursik walikubaliana na Mzee: kidonge kiende na maji, mursik ifuate baadaye, na vita viishe.

Sasa tuje kwa Jerusa Amondi. Jerusa ni mchunaji wa majani, na leo ndiye mwenyekiti wa hii kamati ya katoni. Usikunje uso, Jerusa. Hii hadithi huwa unaieleza mwenyewe kila kikao cha akina mama. Mimi naieleza tu kwa mpango.

Jerusa ana ugonjwa wa sukari, na ugonjwa ukamshika neva za miguu. Usiku nyayo zilimwaka kama amekanyaga makaa. Hata blanketi ikigusa vidole aliruka, kwa hivyo alilala miguu nje, na mnajua baridi ya huku. Daktari wa hospitali akamwandikia vidonge vya maumivu ya neva, na Kepher akawa anampa kila mwezi. Havikusaidia. Jerusa akaanza kusema vidonge ni chaki. Na mchunaji asiyeweza kusimama kwenye mteremko hachuni, na asiyechuna hana nyumba ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kwa sababu nyumba ni ya kazi. Alikuwa na watoto watatu ndani ya hiyo nyumba, na baba yao alikuwa amelala kaburini. Mguu wake ulikuwa ndio paa lao.

Kila akija dirishani, Kepher alimuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Jerusa alijibu hakuna. Na hakudanganya. Hapo ndipo mnapopotea nyote, hata wewe unasoma hii na soda mkononi ukidhani nasema mwingine. Kwenu, dawa ni kitu umeandikiwa hospitali. Ile chupa umeuziwa na mama wa kanisani baada ya ibada, ule unga wa kukoroga, ile mizizi dada yako alikutumia na gari ya Kipkelion, hiyo mnaita chakula cha mwili. Basi mkiulizwa dawa mnasema hakuna, na mnaapa.

Maumivu yalipozidi, Jerusa akajiongezea vidonge. Pale pa kimoja akaweka viwili. Hakumwambia mtu.

Halafu ikaja ile asubuhi ambayo alilala katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, uso kwenye majani, kama mtoto ameshiba. Supavaisa alifikiri ni chang'aa, kwamba amelewa. Tayari alikuwa anazungumza habari ya kumwandikia barua ya kuondoka. Wenzake wakamweka kwenye gunia wakambeba mpaka kwetu, na kikapu kikaja naye, kwa sababu mchunaji hata akizirai haachi kikapu.

Nesi alimlaza akampima sukari, haikuwa imeshuka. Alikuwa anapumua vizuri, anajibu jina lake, lakini macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. Kepher akatoka nyuma ya dirisha, kitu ambacho hafanyi foleni ikiwa imesimama. Akachukua kile kikapu akakigeuza juu chini kwenye meza yangu ya jikoni. Yakaanguka majani machache, ugali ndani ya gazeti, chupa ya chai. Halafu vikaanguka vile vidonge vya neva, pakiti tupu ya dawa ya kiungulia ya kutafuna, kopo la unga wa magnesiamu ambalo limeisha, na kichupa cha matone ya mizizi ya usingizi.

"Jerusa, hii nini?"

Jerusa akafungua jicho moja. "Hiyo si dawa, Daktari. Hiyo ni ya kusaidia dawa."

Ulimi ukiwa mzito akatueleza yote. Kila asubuhi alikoroga unga kwa chai, akatafuna ya kiungulia, akameza kidonge hapo hapo, ili vikutane tumboni visaidiane. Matone yalikuwa ya usiku, lakini hiyo asubuhi alikuwa ameyanywa tena kwa sababu usiku miguu ilimkesha.

Kepher aliketi kwenye kiti changu bila kuomba ruhusa. Alieleza mpaka mimi wa darasa la tatu nikaelewa. Ule unga na ile dawa ya kiungulia hukishika hicho kidonge njiani, sehemu yake haifiki kwa damu. Ndiyo maana nyayo ziliendelea kuwaka. Yeye akaona dawa ni dhaifu, akaongeza. Halafu unga na ya kiungulia vikaisha kabla ya mshahara, mlinda mlango akawa hayupo, na vidonge viwili vikaingia vyote. Na juu yake matone, ambayo yanamvuta mtu usingizini upande ule ule kidonge kinamvuta. Mtu kama huyo asipolala kwenye chai atalala wapi?

Nilidhani atamgombeza. Mimi ningemgombeza. Lakini yeye akasema, "Swali langu ndilo lilikuwa baya."

Akampigia simu daktari aliyeandika dawa. Daktari akarudisha vidonge kwenye kipimo chake, akasema matone yaachwe, na unga na dawa ya kiungulia visikae karibu na kidonge, viachane masaa mawili au zaidi. Halafu Kepher akavaa gambuti akapanda mteremko mpaka kwa supavaisa, akamwambia huyu mama hakulewa, dawa zimegongana ndani yake. Barua haikuandikwa. Wiki chache zikapita, Jerusa akaja jikoni kwangu asubuhi na mapema, akasimama mlangoni, leso mdomoni. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema hakuna, ni kwamba usiku amelala na blanketi juu ya miguu. Nikampa chai. Tulilia kidogo, na asiseme alilia peke yake.

Wiki hiyo Kepher aliniomba gunia safi. Mnajua kwa mzani wa majani, karani hakubali kikapu kwa kuangalia juu. Unamwaga majani kwenye gunia, anapanguapangua, majani makuukuu yanaonekana. Basi Kepher akatandika gunia kwenye meza kando ya dirisha, akaacha lile swali lake la zamani. Ukija kuchukua dawa, kwanza mwaga kikapu. Mkoba, mfuko wa koti, kiondo, kila kitu unameza, unakoroga, unatafuna au unajipaka. Lawama haikuwepo hapo. Alikuwa anapangua tu na kusoma maandishi ya chupa, na mahali hajui alipiga simu kuuliza.

Hilo gunia limeona mambo. Limeona meno ya bandia, barua ya mapenzi ambayo haikutoka kwa bwana wa nyumba, na mara moja kifaranga mzima. Kipkirui dereva wa trekta alimwaga chupa tatu za vitamini, kila moja na jina lake na picha yake ya mtu anaruka. Mikono ilikuwa inamchoma na ganzi juu yake, akawa anaongeza chupa. Kepher alisoma zote tatu akakuta baba yao ni mmoja, vitamini B6, na hiyo ikizidi sana kwa muda mrefu yenyewe inaumiza neva. Kipkirui alikuwa anazima moto na petroli. Alitumwa kwa daktari, chupa zikawekwa chini, na mikono ikapoa taratibu.

Na asiseme mtu kwamba Kepher alichukia vitamini. Kuna watu wa sukari hapa ambao dawa yao ya miaka mingi iliwamalizia B12, daktari akapima akawaandikia, na Kepher aliwapa akicheka. Alichokataa ni kuficha. Wenzake wa zahanati za upande wa Bomet walikuja kuangalia gunia, wakanywa chai yangu, wakarudi kwao wakatandika magunia yao.

Halafu mwaka jana ugonjwa wa mkanda wa jeshi ukamshika yeye mwenyewe ubavuni. Vipele vilikauka, maumivu yakabaki. Shati likigusa ngozi aliuma meno. Naye akaandikiwa vidonge vya neva. Siku ya kuvichukua hakujihudumia. Alitoka, akasimama kwenye foleni nyuma ya watu, na alipofika mbele akamwambia Chepyegon, huyu msichana hodari ambaye sasa anachukua dirisha, amuulize kama vile anauliza mwingine yeyote. Chepyegon aliona haya. Daktari wake, mwalimu wake, atamwambia nini?

"Mwaga kikapu, Daktari," akasema kwa sauti ya kuku mgonjwa.

Kepher akamwaga mfuko wa koti. Miwani ikaanguka, ile alikuwa ameitafuta tangu asubuhi. Na pakiti ya dawa ya kiungulia. Foleni ilicheka kama ile siku ya ngazi, na yeye akacheka kuwashinda.

Sasa mmeelewa kwa nini nimekasirika? Jerusa, najua ulichofanya na najua kwa nini. Umemwona akishika ubavu, ukakumbuka blanketi yako, ukataka kumrudishia. Lakini wewe umemwagiwa kikapu kabla ya mtu mwingine yeyote kwenye shamba hili. Huyu mtu hana mdomo wa kukataa zawadi. Kibuyu cha Mzee Kipsang alikimaliza. Atafika nyumbani kwake kando ya ziwa, ambako hakuna gunia na hakuna Chepyegon, atachemsha hayo majani ya usingizi na kukoroga huo unga juu ya vidonge vyake, kwa sababu tu Jerusa ndiye alimpa na hataki Jerusa aumie moyo. Halafu atapanda pikipiki yake aende sokoni.

Kepher, kongoi, asante sana. Ulikuja ukateleza na unaondoka umesimama. Umetuhesabu kama watu wako na umetugombeza kidogo kuliko tulivyostahili, hiyo nimekusaidia mimi. Nenda salama. Ubavu upoe, mahindi yakubali, wajukuu wakuchoshe, na miwani ikae machoni. Siku ukipita huku, chai iko.

Nyinyi wengine, sikilizeni. Mwenye kwaya aandae kwaya, mimi kuku nimeshachagua. Jerusa, kesho asubuhi chukua hiyo katoni, ubebe kwa mikono yako, uirudishe duka la Kericho ulikoitoa. Watakachokurudishia nunua blanketi, ile laini na nzito, maana blanketi haigombani na kidonge. Ijumaa, kabla mtu hajagusa sahani, Chepyegon atandike gunia mbele ya meza kuu, na kila anayeingia, mchungaji akiwemo, afungue mkoba wake hapo Kepher akiangalia, ajue kwamba kazi imebaki na mwenyewe. Foleni ianze na wewe, Jerusa. Mwaga.